Jina la Yurub Ukutani

Umeme ulikatika Suuq Mugdi wakati soko limefurika, na hakuna aliyeshtuka. Vichochoro vya soko hilo la Garissa vimefunikwa mabati na maturubai hata jua la saa sita halipenyi, ndiyo maana watu waliliita soko la giza tangu zamani. Wauzaji waliwasha tochi za simu wakaendelea kuvutana bei na wanawake waliokuja kununua vitambaa na uvumba. Ndani ya kibanda cha Liban, muuza vifaa vya kompyuta, mikono miwili ilikuwa imeshika waya mmoja wa umeme.

"Walaal, waya huu nimeshanunua," ilisema sauti ya kike.

"Abaayo, niliulipia mimi kabla yako. Nilikwenda kuswali tu," ilijibu ya kiume.

"Basi ungekwenda nao msikitini."

Liban alijikuna kichwa. Waya ulikuwa mmoja, wateja wawili, na pesa zote zilikuwa mfukoni mwake. "Manze, si nilidhani hurudi," akamwambia yule kijana.

Umeme ukarudi, na hapo wakaonana. Yurub alikuwa amevaa buibui jeusi lenye nakshi za fedha kwenye mikono, na shash ya zambarau kichwani iliyoufanya uso wake ung'ae kama umetoka kupakwa mafuta. Hina ilikuwa bado mbichi kwenye vidole. Hamze alikuwa mrefu, mwembamba, shati jeupe limekunjwa hadi kwenye viwiko, na begi la kompyuta mgongoni lililoshonwa mara nyingi kuliko lilivyoweza kustahimili. Alisahau alichotaka kusema. Yurub aliona kwamba amesahau, akafurahi moyoni, lakini mkono hakuuachia waya.

"Unautakia nini?" Hamze akauliza.

"Kompyuta ya ofisi. Maziwa ya ngamia kutoka Habaswein yanafika leo. Nisipoyaingiza, Eddo Abshiro ataniandika mimi."

"Mnatumia programu gani?"

"Programu? Naandika tu, kama mtu anayeandika barua."

Hamze aliachia waya palepale. "Chukua. Ila kuna sharti."

"Sharti? Tumejuana lini mpaka tuwekeane masharti?"

"Nionyeshe hiyo barua ya maziwa. Kazi yangu ni kutengeneza programu, na wallahi nimeingiwa na huruma."

Yurub alicheka, akafunika mdomo kwa ncha ya shash. Ndivyo mambo yalivyoanza.

Ofisi yenyewe ilikuwa ya ushirika wa akina mama wauza maziwa ya ngamia. Mwenyekiti alikuwa Eddo Abshiro, dada yake baba yake Yurub, mwanamke mnene mwenye sauti ya kufukuza mbuzi. Alimpima Hamze kwa macho, akamuuliza anatoka wapi. Hamze akasema amezaliwa Ifo, kwenye kambi ya wakimbizi ya Dadaab, na kompyuta alijifunza hukohuko. Sasa ana kibali cha kufanya kazi mjini.

"Ifo, Nairobi, mimi sijali," Abshiro akasema. "Mtandao hapa unakuja na kuondoka kama mgeni asiye na adabu. Nataka programu inayokaa ndani ya kompyuta yenyewe, isiyosubiri mtu."

Hamze akaitengeneza. Ilikuwa programu nzuri, ila kompyuta ya Yurub ilikuwa kuukuu. Siku ya kwanza ya kuijaribu alimpigia Hamze simu amekasirika.

"Hamze, kitu chako kimekufa. Nabonyeza, kimya. Nabonyeza tena, kimya. Halafu ghafla kinafunguka mara nne, kompyuta inaganda!"

"Haijafa, inavaa. Hata wewe ukibishiwa hodi hutoki bila shash."

"Mimi nikibishiwa hodi nasema 'nakuja'. Hii haisemi kitu."

"Umesema kweli. Nitaifundisha kusema 'nakuja'."

Kesho yake, Yurub alipobonyeza, papo hapo ilitokea picha katikati ya kioo. Ilikuwa ya ngamia jike na ndama wake, jina la ushirika juu, na chini mstari mwembamba uliokuwa ukijaa kutoka kushoto kwenda kulia. Mstari ulipojaa, picha ikajiondoa na dirisha la kazi likafunguka, maziwa yote yamepangwa vituo kwa vituo.

"Hii ndiyo picha ya makaribisho," Hamze alimweleza kwa simu. "Haifanyi kazi yoyote. Inakwambia tu kwamba umesikiwa, usibonyeze tena. Nyuma yake programu inajiandaa, na ikiwa tayari picha inampisha mwenye nyumba."

"Ahsante, Hamze," alisema Yurub, na safari hii sauti ilikuwa laini. "Watu wengi huwa wananiambia nisubiri. Hakuna aliyewahi kunionyesha kwamba amenisikia."

Mwanamume akiambiwa neno kama hilo halali vizuri. Hamze hakulala vizuri. Baada ya siku chache aliongeza mstari mdogo chini ya ngamia, na akaiamuru programu iuonyeshe kwenye kompyuta ya Yurub peke yake, mahali pengine pote usionekane. Mstari ulisema: *Habari ya asubuhi, Yurub wangu.*

"Umeiona?" aliuliza siku hiyo kwa simu.

"Nini?"

"Usinifanyie hivyo, macaanto, mtamu wangu. Picha ya asubuhi."

"Aa, ile. Imepita mbio kama mbuzi wa kuibwa. Nimesoma 'habari ya' tu. Habari ya nani, sijui."

Hamze akaiwekea picha subira, ikae hata kama programu iko tayari, mpaka mtu aweze kusoma kwa raha. Yurub akasoma. Siku nzima alikuwa anatabasamu mbele ya madebe ya maziwa, hata akina mama wakaulizana kama kuna harusi hawajaalikwa.

"Leo dirisha la barua pepe limeifunika," alilalamika wiki iliyofuata. "Nimeona miguu ya ngamia tu."

"Nani amethubutu kukaa mbele ya jina lako? Ngoja nimkomeshe."

Akaiamuru picha ikae mbele ya kila kitu, pasiwe na kinachoweza kuipanda. Wenzake wa kazi hiyo huonyana sana juu ya jambo hilo: picha ya makaribisho isifungiwe mbele, maana hujui nyuma yake kutatokea nini. Hamze aliyajua hayo kuliko wengi, na hata angeweza kuyafundisha. Lakini mtu anayependa hupewa akili nusu, nusu nyingine huwekewa akiba.

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo halikwenda. Yurub alikuwa msichana wa watu, na kila mara alimkumbusha kwa upole.

"Hamze, mambo mazuri yana njia yake."

"Mambo gani?"

"Unajua ninachosema. Simu hizi ni tamu, lakini simu haigongi mlango wa aabo, baba yangu."

"Subiri kidogo, abaayo. Kidogo tu." Na hapo angeingiza utani, Yurub angecheka, na neno lingepita.

Hamze hakuwa mhuni. Aliogopa. Kwa desturi ya kwao mwanamume haendi kujiombea mke mwenyewe. Wazee wa ukoo wake ndio wanaokaa na baba wa msichana, wakanywa chai, wakasema. Baba yake alifariki Ifo yeye akiwa bado anatambaa. Ndugu za baba walitawanyika Somalia na kwingineko, wengine hata hajui kama wako hai. Angemtuma nani? Alikuwa na mama mmoja, Shamso, anayeuza nyanya na vitunguu sokoni kambini. Kila alipofikiria baba yake Yurub, Mzee Sugow, mfanyabiashara wa ngamia anayejulikana kutoka Garissa hadi Eldas, akifungua mlango na kumkuta kijana peke yake amesimama, aliahirisha mpaka kesho. Hakumwambia Yurub. Alimpa picha nzuri badala yake.

Siku ya uzinduzi wa programu ikafika. Eddo Abshiro alikodi ukumbi karibu na ofisi, akavaa dirac, gauni pana la sherehe, ya manjano iliyokuwa inaingia chumbani kabla yake, akaalika wauza maziwa wote pamoja na waume zao. Yurub alivaa dirac ya buluu na mkufu wa mama yake. Baba yake, Mzee Sugow, alikaa mstari wa mbele, ndevu zimepakwa hina, bakora katikati ya magoti. Alikuja kumwona mwanawe akishangiliwa.

Hamze alikuwa nje anahangaika na jenereta. Ndani, kompyuta mpya ya Abshiro ilikataa kabisa kuelewana na projekta.

"Leteni ya Yurub!" Abshiro akaamuru.

Yurub akaikimbilia ofisini. Kwa haraka aliing'oa na nyaya zake zote, na pamoja nazo flashi iliyokuwa na kumbukumbu za maziwa ikachomoka ikabaki juu ya meza. Hakuiona. Ukumbini walimsaidia kuiunganisha, na Abshiro mwenyewe, aliyetaka heshima ya kuifungua, akabonyeza. Yurub alikumbuka ule mstari wakati kidole cha shangazi yake kimekwisha kutua.

Ngamia akajitokeza ukutani, mkubwa kama nyumba. Na chini yake, herufi zenye urefu wa mkono: *Habari ya asubuhi, Yurub wangu.*

Halafu mama mmoja nyuma akapiga kigelegele, na wengine wakadakia, maana walidhani ni sehemu ya sherehe. Yurub akasubiri iondoke. Haikuondoka. Mstari ulijaa, na ngamia akabaki palepale. Akabonyeza huku na huku, akajaribu kuiburuza, hapakuwa na pa kushika. Ile dirac ya buluu ilimshika mwilini kwa jasho.

"Wangu?" alisema Mzee Sugow polepole, macho ukutani. "Wa nani?"

Hamze aliingia anapangusa mafuta ya jenereta, akaona, akachomoa waya kutoka ukutani. Kila kitu kikazima, lakini maneno yalikuwa yameshasomwa hata na wasiojua kusoma, kwa kusomewa na jirani.

"Huyu kijana ana watu?" Sugow alimuuliza dada yake.

"Ana mama. Yuko Ifo."

Mzee akatikisa kichwa, akashika bakora yake, akatoka. Hamze alikiona kichwa kile kikitikisika na akakielewa kwa jinsi woga wake ulivyomwelekeza: mtoto wa kambini, hana kitu, hana mtu. Alimtazama Yurub. Yurub aligeuza uso, machozi yanamtoka, akaondoka na akina mama.

Hamze alimpigia simu jioni, haikushikwa. Akampigia tena na tena. Siku ya tatu akapanda gari kwenda Ifo kwa mama yake.

"Amekimbia," Yurub alimwambia shangazi yake. "Amenichora ukutani mbele ya aabo, halafu amekimbia."

Mzee Sugow hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Alisema tu, "Mwezi ukiisha na hakuna aliyekuja, utaacha kazi, utakwenda Eldas ukae na mama mkubwa mpaka maneno yapoe." Yurub alijua maneno ya Garissa hayapoi upesi. Angeipoteza kazi anayoipenda, na angempoteza Hamze, ambaye hata kwa hasira ile yote hakuweza kuacha kumpenda.

Maziwa hayajui aibu ya mtu, yanaendelea kuja. Programu ilikuwa bado imeganda kwenye ngamia, na madebe yanapanga foleni mlangoni. Abshiro akamwekea Yurub simu mkononi. "Mpigie. Si kwa mapenzi. Kwa maziwa."

"Halo," alisema Yurub, sauti kavu.

"Yurub! Alhamdulillah. Yurub, nisikilize, mimi..."

"Napiga kwa kazi. Picha yako haiondoki. Nifanye nini?"

"Haya. Shika Alt, gusa Tab mara moja, uachie."

"Nimefanya. Ngamia yuko palepale."

"Sasa, kama kuna dirisha limejificha nyuma, tulisogeze: shika Alt, gusa kile kitufe kirefu cha chini. Halafu M. Halafu mshale wa kushuka, usiuachie."

Yurub alifuata moja moja, kisha akasema, "Kuna kitu kinatoka chini ya ngamia."

"Kitu gani?"

"Kidirisha. Kimeandikwa: *Sioni kumbukumbu za maziwa. Ziko wapi?*" Akatazama mezani, akaiona flashi imelala kando ya chupa ya chai. Akaichomeka, akabonyeza. Dirisha la kazi likafunguka, na ngamia hatimaye akaenda zake.

"Ndiyo hiyo," Hamze alisema kwa unyonge. "Programu ilikuwa inauliza. Mimi niliifungia picha mbele ya kila kitu, ikaliziba swali. Hapakuwa na mtu wa kulijibu. Kosa ni langu."

"Siku zote hizi ilikuwa inauliza swali tu?"

"Swali tu."

Yurub alianza kulia, na safari hii hakuficha. "Na wewe ndivyo ulivyo, Hamze! Mbele maneno mazuri, macaanto, habari ya asubuhi. Swali lenyewe umeliweka nyuma halionekani. Mimi nimekaa hapa namngoja mtu aulize!"

"Yurub, baba yako alitikisa kichwa. Aliposikia Ifo..."

"Ifo ina nini? Nusu ya ngamia wa aabo wanauzwa na watu wa Ifo! Alikasirika kwa sababu jina langu lilifika ukutani kabla watu wako hawajafika mlangoni. Hilo tu. Watu wako wako wapi, Hamze?"

"Sina."

"Huna nini?"

"Sina watu. Sina baba, sina adeer, ndugu wa baba, sina mzee wa kumtuma. Ningekuja na nani? Niliona aibu kukwambia."

Yurub alifuta uso kwa shash. Hasira yote ilikuwa imemtoka, amebaki na huruma na upendo, na hofu ya mwisho wa mwezi. "Kumbe ulikuwa unaogopa tu," alisema. "Ungeniambia. Tungeogopa wawili. Aabo amesema mwezi ukiisha naenda Eldas. Mtafute mtu, Hamze. Yeyote mwenye mvi."

Huko Ifo, Mama Shamso alikuwa anapanga nyanya kwenye gunia, hatua chache kutoka kwa Hamze. Mwanawe alizungumza kwa sauti ya chini, lakini masikio ya mama hayana ukuta.

"Nani amekwambia huna watu?" aliuliza.

"Hooyo, desturi inataka..."

"Nimekuuliza, nani amekwambia? Ulipougua surua, nani alikubeba mpaka hospitali mimi nikiwa nimelala na homa? Nani alikupeleka duksi ukajifunze Kurani? Nani alikununulia viatu vya kwanza vya shule? Umekula katika nyumba zote za mtaa huu, halafu unasimama mbele ya mtoto wa watu unasema huna mtu!" Akamtupia nyanya iliyooza, ikampata begani. "Nenda ukaoge. Mimi naenda kwa Mzee Yarow."

Ijumaa baada ya alasiri, gari lilisimama mbele ya nyumba ya Mzee Sugow mtaa wa Bulla Iftin. Walishuka wazee watatu, wamechoka, nguo zao safi zina vumbi la njia. Walikuwa wamefuata vibali vya safari tangu mwanzo wa wiki. Mzee Yarow, mwalimu wa duksi, alikuwa na kikohozi na hasira za mtu asiyependa kukalishwa garini. Mzee Khalif alikuwa fundi viatu. Wa tatu, Mzee Boru, hakuwa hata Msomali. Alikuwa Mworomo aliyekimbia Ethiopia zamani, muuza kahawa wa mtaa wao. Hamze hakuwepo, maana desturi haimtaki. Alibaki Ifo na mama yake, simu mkononi.

Waliletewa maji, kisha maziwa, kisha chai. Yurub alisimama jikoni nyuma ya pazia, Eddo Abshiro amemshika mkono kwa nguvu, na hakuna aliyejua nani anamtuliza mwenzake.

"Mimi si mutu wa maneno mingi," Mzee Yarow alianza. "Tumekuja kuomba binti yako kwa kijana yetu Hamze. Kijana alifanya makosa, aliweka jina ya binti mbele ya watu. Tumekuja kuomba samahani kwanza, halafu tuombe binti. Kama hii ya kwanza imekataliwa, hii ya pili hatusemi."

Mzee Sugow alinywa chai taratibu. "Samahani nimeipokea. Sasa niambieni, huyu kijana ni mtoto wa nani? Baba yake ni nani, na baba wa baba yake?"

Hili ndilo swali lililomnyima Hamze usingizi. Kwa watu hawa, mtu hutajiwa mababu zake mmoja baada ya mwingine, kwa kichwa, na wanaoyajua majina hayo ni wa damu yake.

Mzee Yarow alifunga macho. "Hamze Abdihafid," alisema. "Abdihafid Guled. Guled Farah. Farah Warsame. Warsame Roble." Aliyataja jina juu ya jina, bila haraka.

"Kumbe wewe ni wa ukoo wao," Sugow akasema.

"Mimi? Hapana. Yangu ni ingine kabisa. Huko kwetu tungekuwa tunabigana."

"Sasa umejuaje?"

"Baba yake alikufa, mutoto hajui kusema. Hii majina yote ilibaki kwa mama. Nikasema, mama akikufa nayo, mutoto atabotea, hatajua yeye ni nani. Nikaomba anifundishe. Kila siku baada ya duksi nikamwimbisha mutoto mbaka akashika. Ngoja, sijamaliza. Warsame Roble, Roble Samatar, Samatar..." Kikohozi kilimkamata. Alikohoa mpaka macho yakalowa, akapangusa mdomo, na jina lililofuata likawa limemkimbia. "Samatar... Samatar..."

Nyuma ya pazia Yurub alisogea karibu zaidi.

"Samatar Geedi," alisema Mzee Boru, yule Mworomo, polepole, akitazama kikombe chake. "Geedi Hirsi. Hirsi Abokor. Ndiyo mwisho."

Mzee Sugow akaweka kikombe chini. "Na wewe pia?"

"Mlango yangu na yake inatazamana," alisema Boru. "Mtoto alikuwa anasoma hiyo majina jioni. Akisahau, nani atamkumbusha? Mama yake iko sokoni. Nikashika na mimi. Hata Khalif anajua."

"Najua," alisema Khalif fundi viatu, neno lake la kwanza tangu aingie.

Mzee Sugow aliwatazama wale wanaume watatu wa damu tatu. Akainama, akazishika ndevu zake za hina, akakaa hivyo. Alipoinua uso, alikuwa analia bila kuona haya.

"Niliuliza kama huyu kijana ana watu," alisema. "Mimi nina kaka wanne wa tumbo moja, na sidhani kama kuna anayejua majina ya mababu zangu mpaka mwisho. Nawashukuru kwa kumlea. Mtoto wa watu kama nyinyi nitamnyima nini? Abshiro! Chinja!"

Abshiro alikuwa ameshafika mlango wa nyuma, anaita watu wa kisu kwa ile sauti yake ya kufukuza mbuzi, ila leo alikuwa anamwita mbuzi.

Yurub alikimbilia chumbani, akapiga simu.

"Hamze."

"Sema upesi, nakufa."

"Bado usife. Aabo amesema 'chinja'."

"Achinje nani?"

"Mbuzi, mjinga wewe! Ametukubalia. Hamze, unalia?"

"Vumbi la Ifo."

"Hata hapa lipo. Hamze, wale wazee... Mungu awape umri. Sijui nitawashukuru vipi. Maisha yangu yote nitawapikia."

Upande wa pili alisikika mwanamke akisema alhamdulillah, akairudia na kuirudia, kisha mivutano midogo ya simu kubadilisha mikono. Sauti nyingine ikaja, ya mtu ambaye Yurub hakuwahi kuzungumza naye hata siku moja.

"Binti yangu," alisema Mama Shamso, "walitoka hapa asubuhi na mapema, hawakutia kitu tumboni. Wamekula?"

Yurub alichungulia kupitia pazia. Mzee Sugow alikuwa ameinama anawanawisha wageni mikono yeye mwenyewe, na sinia la anjera na samli limeshatangulia mbele yao.

"Wanakula, hooyo," alisema.